Gamboshi Si Jibu: Uhakiki wa Hadithi Zetu za Watu Waliopotea

Kuna hadithi ambayo sisi watunzi chipukizi wa Bariadi tunaiandika kila mwaka, tukibadilisha majina tu. Mtu anaondoka nyumbani asubuhi. Anaweza kuwa baba anayekwenda mnadani kuuza ng'ombe, msichana anayekwenda kuchota maji, au kijana aliyepanda basi pale Lamadi kwenda Mwanza kutafuta maisha. Harudi. Ukoo unahangaika kurasa mbili. Ukurasa wa tatu anaingia mganga, anapiga ramli, na ukurasa wa nne jibu linatoka: yuko Gamboshi, amechukuliwa msukule, ulimi umekatwa, usiku analimishwa mashamba ya watu. Hadithi imekwisha. Msomaji anaguna, anafunga kijarida, anaagiza chai nyingine.

Miswada ya namna hii nimeisoma mingi, na mingine, tuseme ukweli, imeandikwa vizuri. Lugha inatiririka, mandhari ya mbuga za pamba yanaonekana, mazungumzo yana chumvi. Sitamtaja mtunzi yeyote, kwa sababu tatizo halikuanza na mmoja wala halitaisha kwa kumsema mmoja. Nitakachohakiki ni umbo lenyewe: hadithi ya mtu aliyepotea ambayo mtunzi anaifungua na kuifunga kwa pumzi moja.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Arusha, nieleze kidogo. Gamboshi ni kijiji cha kweli, kipo wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Watu wake wanalima na kufuga kama Wasukuma wengine. Lakini jina lake limetembea nchi nzima kuliko wao wenyewe. Husemwa kwamba ni makao makuu ya wachawi, na kwamba usiku, kwa mwenye macho ya kuona, kijiji hugeuka jiji la maghorofa na taa kama Ulaya. Wenyeji wamekwisha kulalamika mbele ya waandishi wa habari kwamba sifa hiyo inawaponza, lakini nani anasikiliza? Hadithi ya jiji la usiku ni tamu kuliko habari ya kijiji kinachotaka barabara na walimu.

Sasa tuzungumze kifani. Gamboshi kama jazanda ni bomba, hilo lazima tulikubali. Linampa mtunzi mahali penye jina, ambapo hata konda wa basi anapajua. Linampa pia msukule, ambaye ni mhusika mkali sana. Msukule hajafa na wala hayuko hai. Kaburini, wanasema, kilizikwa kigogo cha mgomba. Ndugu zake hawawezi kuomboleza wakamaliza, na hawawezi kumsubiri kwa moyo mmoja. Hebu tafakari hapo. Mwulize mama yeyote ambaye mwanawe aliondoka miaka 20 iliyopita bila barua wala simu, hali yake ni ipi? Ni hiyo hiyo. Chakula cha jioni anapakua huku akisikiliza mlango. Sherehe ya ukoo hajui amhesabu mwanawe upande wa wazima au wa marehemu. Kwa hiyo wahenga wetu waliobuni msukule hawakuwa wajinga. Jazanda hii inasema kweli kuhusu waliobaki. Uongo wake unaanza pale inapodai kujua habari za aliyepotea.

Na hapo ndipo watunzi wetu wanapoteleza. Wanachukua ile sehemu ya uongo, wanaiacha ile ya kweli. Mama anayesikiliza mlango anapewa sentensi mbili. Mganga na tunguri zake wanapewa kurasa nzima.

Ili nisionekane nawaonea watu wa kwetu, tutoke Usukuma kidogo, tuchukue kisa ambacho hakina mganga wala tunguri. Ni kisa cha watu wa mjini, wasomi, wenye vyeo. Abdulla Kassim Hanga alikuwa Mzanzibari aliyesoma London na Moscow, akawa mmoja wa viongozi wa chama cha ASP. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 alikuwa miongoni mwa wakubwa wa juu kabisa wa serikali mpya ya Zanzibar, na baada ya Muungano wa Aprili mwaka huo akaingia katika serikali ya Muungano. Baadaye upepo ukageuka. Akawekwa kizuizini huku Bara. Mwaka 1969 akapelekwa Zanzibar akiwa mikononi mwa dola, pamoja na Othman Shariff, mtu aliyepata kuwa balozi wetu Marekani. Hawakuonekana tena. Inaaminika waliuawa, lakini familia haikuonyeshwa kaburi ikaambiwa, huyu hapa wenu, mswalieni. Zaidi ya miaka 50 imepita.

Tazama jinsi kisa hiki kinavyofanana na vya kwetu, ingawa hakina uchawi. Palipokosekana taarifa, baraza za Unguja zilitoa taarifa zao, kila baraza na yake. Huko nako mtu hajafa rasmi na wala hayuko hai. Tofauti ni kwamba Bariadi tuna jina la kijiji cha kumtupia mtu wetu. Unguja kulikuwa na ukimya tu. Mtu kuyeyuka, kumbe, hakuhitaji ungo wala fisi. Kunatosha gari, amri, na watu wanaoogopa kuuliza.

Sasa tuone mwandishi mmoja alivyokiendea kisa hicho. Hanga alipokuwa Urusi alimwoa Lily Golden, msomi wa huko mwenye asili ya Wamarekani weusi. Mwaka 1962 wakapata binti, Yelena Khanga, ambaye alikua bila baba, akawa mwandishi wa habari na baadaye mtangazaji maarufu wa televisheni Urusi. Mwaka 1992, kwa kushirikiana na Susan Jacoby, alichapisha Marekani kitabu kiitwacho Soul to Soul, tawasifu ya ukoo wake kuanzia mwaka 1865.

Msomaji wa Simiyu atashtuka akikutana na jambo moja humo: pamba. Babu yake Yelena mzaa mama, Oliver Golden, alikuwa Mmarekani mweusi wa Mississippi, mtaalamu wa kilimo, ambaye mwaka 1931 alikwenda na wenzake Uzbekistan, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti, kuendeleza zao la pamba. Sisi tunaokulia kwenye magunia ya pamba tunadhani zao hili linatufahamu sisi tu. Kumbe lilikwisha kumbeba mtu kutoka Marekani hadi Asia, likamzalishia mjukuu mwenye jina la Kizanzibari.

Kwa upande wa uhakiki, lililonivutia katika kitabu hicho ni mpangilio wake. Yelena hakuanza kwa kutangaza nani alimuua baba yake. Alianza mbali, vizazi vitatu nyuma, akajenga ukoo mtu baada ya mtu: walikotoka, walichofanya kazi, waliyempenda, walichogombania. Ukoo ukishajengeka, pengo la baba linaonekana lenyewe, kama kiti ambacho hakuna anayekikalia mezani. Kisha akafunga safari hadi Tanzania kuwatafuta watu wa baba yake. Aliuliza kama binti, akasikiliza. Hakujifanya hakimu.

Kitabu hicho kina udhaifu wake pia. Kichwa chake kidogo kinataja Urusi na Marekani; Zanzibar haimo. Upande wa mama una barua, picha, kumbukumbu za kila namna. Upande wa baba ni mwembamba, na wembamba huo unamfanya Hanga aonekane mara nyingine kama mgeni katika kitabu cha mwanawe. Mhakiki mkali anaweza kusema ni kasoro. Mimi nadhani ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Mtu akipotezwa, hupotea na karatasi zake, na marafiki zake hujifunza kutomtaja. Mwandishi mwaminifu hawezi kuunenepesha upande huo kwa ubunifu akatuambia ni historia. Anauacha mwembamba, nasi tunaona ukubwa wa kilichoibwa.

Kwa Kiswahili tunaye Adam Shafi na riwaya yake ya Haini ya mwaka 2003, iliyochimba kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume, Aprili 7, 1972. Yeye alitumia njia nyingine: alituingiza ndani ya gereza, tukayaona yale ambayo walio nje hawakuruhusiwa kuyaona. Riwaya inaruhusiwa kufanya hivyo. Lakini angalia, hata yeye hakuingiza nguvu za giza. Aliyeteswa aliteswa na watu, wenye mikono na mishahara.

Turudi nyumbani sasa, maana hoja yangu iko huku. Watu wa Simiyu hupoteaje? Watunzi wetu wangeuliza swali hili kabla ya kushika kalamu, wangekuta njia tele, na kila moja ni riwaya.

Njia ya kwanza ni miguu yao wenyewe. Msukuma ni mtu wa kuhama. Malisho yakipungua, familia huswaga ng'ombe hadi Rukwa, Usangu, bonde la Kilombero na kwingineko kusini. Kati ya hao wapo waliokusudia kurudi baada ya msimu mmoja, wakaoa huko, wakazeeka huko. Wengine walikwenda migodini. Wengine walizikwa njiani na watu wasiojua majina yao. Njia ya pili ni serikali: katika operesheni za kuhamia vijijini, hasa mwaka 1974, kaya zilibebwa kutoka makazi yao ya asili kwenda vijiji vipya. Aliyekuwa safarini mwaka huo alirudi akakuta boma halina mtu. Njia ya tatu ni ziwa. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, na wengi hawakupatikana hata maiti. Na ipo njia ya nne, ambayo hatupendi kuitaja kijiweni: mtu kuingia mitini kwa hiari. Kachoka na ndoa, kakimbia deni, kaona aibu.

Njia hiyo ya nne aliiandika vizuri Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Katika riwaya yake The Last Gift ya mwaka 2011 yumo mzee Abbas, baharia anayeishi Uingereza na mke na watoto wawili, ambaye hajapata kuwaambia kwamba ujanani alimkimbia mke mjamzito Zanzibar. Ugonjwa wa kiharusi ndio unaomlegeza ulimi. Sisi tumezoea kusimama mlangoni na waliobaki. Gurnah anatuketisha kitandani na aliyepotea mwenyewe. Huku kwao, nadhani, wapo waliokwisha kusema bahari imemla. Ingekuwa Bariadi, tungesema yuko Gamboshi. Naye yuko Uingereza, ana watoto wanaosoma, anaona haya.

Mtu ataniuliza: "Ee bwana, hadithi ni hadithi, kuna ubaya gani? Watu wanataka kuburudika." Swali zuri. Nitalijibu kwa tarakimu. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali ambazo watafiti wamezitumia tangu wakati huo, watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286 na wanaume 1,407. Sehemu kubwa kabisa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma, yaani Mwanza na Shinyanga ya wakati ule, ambayo Bariadi ilikuwa ndani yake. Wengi walikuwa bibi zetu, wenye macho mekundu. Na macho yamekuwa mekundu kwa nini? Moshi. Ukipikia kuni na samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka 50, lazima macho yawe mekundu.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Jibu la "amechukuliwa" haliwezi kusimama peke yake, linadai mchukuaji. Gamboshi ni mbali, na hakuna anayekwenda kumkamata mchawi wa Gamboshi. Lakini ramli haiishii Gamboshi. Ramli husema: aliyemuuza huko ni mtu wa karibu, jirani, mama mkubwa, yule wa nyumba ya magharibi. Usiku wa pili panga linafika. Aliyepotea hajapatikana, na sasa bibi naye hayupo. Tulikuwa na mtu mmoja wa kumtafuta, tuna wawili wa kuwalilia.

Hata serikali ilipotaka jibu la haraka mambo yaliharibika. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya kukomesha mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu wakakamatwa, wakateswa, wengine wakafia kizuizini. Januari 1977 mawaziri wawili walijiuzulu kwa ajili hiyo, mmojawao Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na ambaye baadaye akawa Rais. Haraka ya kutaka jibu ni ile ile, iwe imevaa kaniki ya mganga au imevaa sare.

Na msiseme hayo ni ya kale. Desemba 2014, katika wilaya ya Kwimba inayopakana na Maswa yetu, mtoto wa kike wa miaka 4 mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao usiku. Miaka ikapita bila kupatikana. Mwezi uliofuata, Januari 2015, serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Hilo neno la polisi mnalijua, ramli chonganishi. Mimi nasema hadithi zetu za Gamboshi ni ramli chonganishi iliyopigwa chapa. Mganga anaogopa polisi. Sisi tunaomba kijarida kitutolee kurasa.

Tufanyeje basi? Sisemi tusiandike uchawi. Imani ipo, inaongoza maisha ya watu, na mtunzi anayeificha anadanganya. Gabriel Ruhumbika wa Ukerewe, jirani zetu wa ziwani, aliandika riwaya nzima kuhusu janga hilo, Janga Sugu la Wazawa, ya mwaka 2001. Mpeni mganga nafasi katika hadithi, apige ramli yake, alipwe mbuzi wake. Ila mtunzi asimwamini mganga kwa niaba ya msomaji. Ramli iwe kauli ya mhusika. Isigeuke kauli ya hadithi.

Jifunzeni pia kwa manju wetu. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wanaposhindana uwanjani, manju mzuri akiimba habari ya mtu humpa jina, humpa ukoo, humpa kijiji. Watazamaji wanamjua, wanaweza kumsahihisha. Sasa linganisha na miswada yetu: "kijana mmoja," "mama fulani," "siku moja." Mtu aliyepotea tayari hana mwili. Ukimnyima na jina, umembakizia nini? Ndugu anapokwenda kituo cha polisi kufungua RB, askari humwuliza: alivaa nini, ana alama gani mwilini, mara ya mwisho alionekana wapi, na nani, saa ngapi? Maswali hayo makavu ya kaunta yana ushairi kuliko kurasa kumi za fisi na ungo. Shati la bluu lenye kifungo cheupe kilichoshonwa na uzi mweusi. Kovu la jembe mguu wa kushoto. Alikuwa anadaiwa shilingi elfu mbili na muuza mafuta ya taa, akaahidi kulipa Jumatatu. Mtu huyo namwona, na nitamkumbuka.

Lingine ni muda. Sheria ya Ushahidi ya nchi hii humhesabu mtu kuwa amekufa akiwa hajasikika kwa miaka 5 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake. Miaka 5! Sheria, ambayo haina mama wala haina usingizi wa kukatika, inasubiri miaka 5 kabla ya kusema neno. Mtunzi wetu hasubiri kurasa 5. Hebu andikeni huko kusubiri kwenyewe. Andikeni mke anayetakiwa na shemeji zake aolewe tena, naye hajui kama ni mjane. Andikeni shamba la pamba lililoandikwa jina la asiyekuwepo, na vocha ya pembejeo inayotaka saini yake. Andikeni mtoto anayejaza fomu ya shule, akafika kwenye mstari wa "baba" na sehemu ya kuchagua "yu hai" au "marehemu", kalamu ikasimama.

Binti ya Hanga hakuwa na sehemu ya kuweka alama, akaandika kitabu. Hakikumrudisha baba yake, na hakikumtaja jirani wa kuchomewa nyumba. Kilifanya jambo moja: kilimtoa Hanga katika fununu za baraza, kikamrudisha katika orodha ya watu waliokuwa na ndugu.

Kwa hiyo ninyi mnaojiandaa kuleta miswada ya toleo lijalo, ombi langu ni hili. Kama mtu anapotea katika hadithi yako, kwanza nenda kwa mama au dada mmoja hapo mtaani kwako ambaye wa kwake hajarudi. Wapo, usiniambie hawapo. Bariadi kila mtaa unao. Mwamkie, kaa, usimwulize habari za wachawi. Mwulize mwanawe alikuwa anapenda kula nini. Ukitoka hapo, kaandike.